Abiria Aliyesimama

Mahfoudh Ubwa anaishi Mkunazini, kwenye kichochoro ambacho hata baiskeli ikipita watu hujibanza ukutani, na ndani ya nyumba yake ana magari mengi kuliko karakana yoyote ya Unguja. Yamejaa kwenye rafu za ukumbini, yamepanda mpaka kwenye madaka ya ukutani ambamo zamani mama yake alipanga sahani za maua. Kuna Peugeot za zamani, Morris, Land Rover, malori ya Bedford, na kila moja linaenea kiganjani. Ukimuuliza kwa nini mtu ambaye gari halifiki mlangoni pake akusanye magari, atakwambia ndiyo maana yake, haya yanaingia.

Kazi yake ni kushona viti vya magari. Tangu ujana wake huenda Mtoni asubuhi, kwenye kibanda chake kando ya barabara ya Bububu, akafumua viti vilivyochakaa, akatia sponji mpya, akashona ngozi juu yake, na jioni akarudi na vidole vilivyotobokatoboka. Huenda ndiko ugonjwa wake ulikoanzia. Mtu aliyeshughulika maisha yake yote na pahala pa watu kukaa hawezi kuona kiti kitupu akatulia. Kigari cha kwanza aliletewa na jamaa yake kutoka Maskati. Kilikuwa kizuri, kinang'aa, milango inafunguka na usukani unazunguka, lakini ndani hamna mtu. Alikitazama siku mbili tatu, kikamkera. Akafungua skrubu za chini kwa bisibisi ya fundi saa, akanyanyua bodi, akamtia dereva.

Basi hakuacha tena. Mifupa ya watu wake ni waya mwembamba wa umeme, nyama ni unga wa mbao uliokandwa na gundi, na nguo ni vipande vya kanga na masazo ya vitambaa vya viti. Kofia huzishona kwa uzi mmoja, kibano mkononi, pumzi kaizuia. Mtu mzima hutoka na urefu wa pingili mbili za kidole. Usimwambie hizo ni sanamu, atakununia wiki nzima. Yeye huwaita abiria. Baba yake alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani huko Makunduchi, na Mahfoudh alikua akijua kwamba kuumba sura si kazi ya binaadamu. Kwa hiyo abiria wake hawana macho wala pua wala mdomo. Uso ni mviringo uliopakwa rangi, basi.

Hata hivyo watu hujitambua, na hapo ndipo penye ufundi wake. Jirani yake Borafya, muuza kahawa, alijikuta siku moja ndani ya Morris ya kijani, mkono nje ya dirisha, bega moja juu, kichwa upande kama mtu anayepewa siri. Mtaa mzima ulimcheka, na yeye akacheka kuliko wote, maana hajapata kumiliki hata baiskeli. Bi Ulfat wa nyumba ya pili alijiona kwenye kiti cha nyuma cha Peugeot, akajijua kwa namna alivyoukumbatia mkoba, akaja kulalamika kwa nini yeye ndiye awekwe nyuma. Mahfoudh alimhamishia mbele ili watu wapate amani. Kidogo kidogo nusu ya Mkunazini ikaingia ndani ya magari yale.

Mtu mmoja tu hakuwamo. Mkewe Shemsa alifariki wakati Tahiya, mtoto wao wa pekee, angali mdogo wa kusukwa nywele na baba yake, na zikasukwa vibaya miaka mingi. Mahfoudh hakuoa tena, ingawa waliomtafutia wachumba ni wengi na wengine hawajachoka mpaka leo. Watu waliona kuwa kawatia majirani wote kamwacha mkewe, na kwa adabu zao hawakumuuliza. Walidhani ni huzuni. Huzuni ilikuwepo, lakini kubwa zaidi ilikuwa hofu. Mtu asiye na uso huwezi kumtoa kwenye picha. Lazima atoke kwenye mikono ya aliyemjua. Je, akimtengeneza Shemsa akatoka mwanamke mwengine? Hapo Mahfoudh atakuwa amejua kwamba kamsahau, na jambo hilo hakutaka kabisa kulijua.

Sasa Tahiya akawa anaolewa. Mchumba, Yussuf, ni kijana wa Kiwengwa anayefanya kazi hoteli huko huko kwao, mpole, mwenye adabu zake, hata Borafya alimtafuta kasoro akaikosa. Siku moja, harusi imekaribia, Tahiya alimfuata baba yake ukumbini akavuta kigoda.

"Baba, zawadi yangu nshaichagua."

"Sema, mwanangu."

"Nataka gari. Ile Benzi nyeupe." Alionyesha kwa kidole. "Nitie mie na Yussuf nyuma, Mama Mkubwa umtie mbele na dereva. Na mama."

Mahfoudh alikuwa anapangusa bisibisi. Ilikuwa safi, lakini aliendelea kuipangusa.

"Mama umuweke ubavuni mwangu," Tahiya alisema. "Ntaiweka chumbani kwangu Kiwengwa, niwe namuona. Mie sura yake naijua ya kwenye picha tu, baba. Alivyokuwa mwenyewe sikumbuki."

Tahiya si mtoto wa kuomba. Tangu utoto wake alivaa alichoshonewa na kula alichopikiwa, hata wali ulioungua, na siku hizo za mwanzo uliungua sana. Baba angemnyima vipi? Alisema, "Inshaallah," kisha akajuta, kisha akajuta kwa nini amejuta.

Akafunga kibanda cha Mtoni. Juu ghorofani, Bi Salhiya alikuwa kamtia Tahiya ndani na kumsinga mwili kwa liwa kila siku. Bi Salhiya, huyo Mama Mkubwa, ni dada mkubwa wa marehemu Shemsa, naye ndiye aliyekuwa somo wa kumfunda biharusi, na sauti yake ilishuka ngazi kabla ya harufu ya udi. Chini ukumbini Mahfoudh alikaa na waya wake. Benzi haikumpa tabu. Tahiya alimkalisha kainama chini ya shela. Yussuf alimkalisha kakauka, mikono juu ya magoti, kama kijana yeyote siku hiyo. Bi Salhiya alimuweka mbele, kifua kimetangulia, mkono umeinuliwa anamwelekeza dereva njia ambayo dereva anaijua. Kikabaki kiti kimoja.

Shemsa wa kwanza alikaa vizuri, magoti pamoja, mikono mapajani, na alikuwa mwanamke yeyote anayesubiri zamu yake hospitali. Akamvunja. Wa pili alitoka Bi Ulfat khasa, bado mkoba tu. Akamvunja. Wa tatu hakufanana na mtu yeyote aliyepata kuishi. Mahfoudh alimuweka mezani, akamtazama muda mrefu, akashika kichwa. Kumbe nimemsahau, alijiambia. Iliuma kama siku ya msiba wenyewe, na pengine zaidi, kwa sababu siku ya msiba watu walikuja kumshika mkono.

Hapo ndipo alipojiuliza suali ambalo fundi wa viti angeanza nalo. Shemsa alikuwa akikaa vipi? Akatafuta kichwani. Shemsa kukaa kwenye mbuzi akikuna nazi, wakati huo yeye yuko Mtoni. Shemsa kukaa mkekani wakila, yeye macho yako kwenye sahani. Shemsa kukaa na wanawake wenzake, huko mwanamme haingii. Miaka yote ya ndoa yao, na hakuwa na Shemsa hata mmoja aliyekaa ambaye angeweza kuapa kuwa ndiye.

Aliyekuwa naye alikuwa wa mlangoni. Kila asubuhi Shemsa alimtoa mpaka mlangoni, akasimama pale, mkono wa kulia kauegemeza juu kwenye mwimo, mguu mmoja kaukanyagisha kizingiti, ncha ya kanga kaibana chini ya kidevu, uzito wote upande mmoja. Hakupunga mkono wala hakusema neno. Alisimama tu mpaka mumewe akapotea kwenye kona. Hata siku walizogombana alitoka akasimama, ila siku hizo kanga aliibana kwa nguvu zaidi.

Mikono ya Mahfoudh ilianza kazi kabla hajaiamrisha. Ilipinda waya, ikakanda unga, ikakata kipande cha kanga nyekundu. Uzito upande mmoja, bega la kulia juu, shingo imechomoza kidogo kutazama njia. Wakati wa alasiri ulipofika alikuwa kesha kumpaka rangi, na alipomuweka mezani akainuka mwenyewe kitini bila kujua kwa nini kainuka. Alikuwa Shemsa. Mahfoudh alifunika uso kwa viganja akalia kwa furaha, maana mikono yake haikumsahau.

Borafya aliingia na birika lake la kahawa kama kawaida yake, bila kubisha hodi ya maana. Akaona. Akaweka birika chini taratibu.

"Shemsa huyo," alisema kwa sauti ndogo. "Mungu amrehemu. Shemsa khasa." Akachutama kumtazama vizuri, kisha akakuna kichwa. "Lakini bwana, kasimama."

"Naam?"

"Kasimama. Garini ataingiaje?"

Mahfoudh alimtazama Borafya, akamtazama Shemsa, akaitazama Benzi. Wallahi hakuwa amefikiri. Fundi wa miaka yote hiyo, abiria wake wote huwapinda magoti toka waya ungali mtupu, na huyu kamnyoosha mpaka nyayo.

"Toboa paa," Borafya alishauri. "Atoe kichwa nje, kama viongozi kwenye gwaride."

"Mke wangu si mgeni rasmi."

"Basi mkate magoti."

Ndilo lililobaki. Mahfoudh alichukua kisumeno chake chembamba, akamlaza Shemsa juu ya kitambaa, akaweka meno ya kisumeno kwenye goti. Borafya akageuza uso akajifanya anatafuta vikombe. Wakawa katika hali hiyo wakati Bi Salhiya aliposhuka ngazi kutafuta makaa ya chetezo, akaona kilicholazwa pale, na kwa mara ya kwanza wiki ile akanyamaza. Alikaa chini kwenye kigoda. Machozi yalimtoka yakadondoka kwenye kanga yake, naye hakuyafuta.

"Unamfanya nini ndugu yangu?" aliuliza mwishowe.

Mahfoudh akamweleza: Tahiya, kiti cha nyuma, magoti. Bi Salhiya alisikiliza mpaka mwisho, na kadiri alivyosikiliza sauti yake ya kawaida ikawa inamrudia.

"Shemeji, una akili wewe? Tangu lini mama akapanda gari la biharusi? Biharusi hupelekwa na somo, hupelekwa na mashangazi. Mama habanduki nyumbani. Husimama mlangoni, akatoa radhi, mtoto akenda, yeye akarudi ndani akalia. Shemsa angekuwa hai Ijumaa hii, angesimama vivyo hivyo ulivyomsimamisha."

Msimcheke Mahfoudh kwa kutolijua hilo. Wanaume wangelijulia wapi? Siku ya harusi yake mwenyewe yeye alikuwa upande wa pili wa safari, kavaa joho, anasubiri biharusi afike. Alichoacha biharusi nyuma yake hakukiona. Harusi za watu wengine huenda msikitini, akashuhudia nikaha, akala pilau, akarudi nyumbani. Mambo ya mlangoni ni ya wanawake.

"Basi umwambie Tahiya," alisema.

"Umwambie wewe. Ndiye wewe ulosema inshaallah."

Akapanda ngazi na Shemsa kwenye kiganja. Tahiya alikuwa kakaa mkekani, kajifunika kanga, mikono imejaa hina mbichi, hawezi kushika kitu. Baba yake akamsogezea kiganja karibu na uso. Tahiya alitazama kwa muda. Alitazama bega, alitazama kanga, akatazama mguu uliotangulia.

"Kumbe alikuwa hivi," alisema. "Mie pia nasimama hivi, baba."

"Nnajua. Nnakuona."

Akamweleza aliyoyasema Bi Salhiya, polepole, akichagua maneno. Tahiya hakushangaa.

"Najua mama hubaki," alisema. "Harusi ngapi nimekwenda? Lakini hao mama wanaobaki, biharusi akirudi kutembea anawakuta. Mie nkimwacha wangu, ntarudi nimkute nani?" Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuweza kuyafuta kwa sababu ya hina. Baba yake akamfutia kwa ncha ya shati. "Mkate magoti, baba. Akae. Mie namtaka tu."

Mahfoudh alikuwa na jawabu mdomoni, nalo lilikuwa: na mimi je? Nyumba hii itanifaa nini? Lakini baba hamwambii hivyo mwanawe wiki ya harusi. Alisema, "Haya, mwanangu," akashuka. Akamlaza Shemsa kwenye kitambaa, akachukua kisumeno, akakisukuma mara moja. Mchirizi mwembamba ukatokea kwenye goti. Mkono wake ukakataa kurudi nyuma kwa msukumo wa pili. Akajaribu tena kesho yake asubuhi, ukakataa. Akajaribu baada ya chakula. Alijilaumu, akauita mkono wake majina mabaya, akakiweka kisumeno chini.

Ijumaa nikaha ilifungwa, pilau likaliwa, na baada ya alasiri wanawake wakajaa ndani ya nyumba mpaka kwenye ngazi. Gari la harusi lilikuwa linangoja barabara kuu, limepambwa maua, kwa kuwa kichochoroni haliingii. Kwa kawaida baba hujitenga wakati kama huo. Mahfoudh hakujitenga. Alisimama chini ya ngazi, Benzi nyeupe mkono mmoja, Shemsa mkono wa pili, na wanawake wakawa wanampita wakimwangalia kwa jicho la pembeni.

Tahiya alishuka kashikwa na Bi Salhiya, kafunikwa, udi umemtangulia. Akasimama mbele ya baba yake.

"Sikukata," Mahfoudh alisema. Alikuwa na aibu kama mtoto aliyevunja kikombe. "Nimejaribu, mwanangu. Mkono haukukubali. Lakini mchukue hivi hivi. Mlaze kwenye kiti cha nyuma, kule utampatia pahala."

Akanyoosha mikono yote miwili. Ule uliomshika Shemsa ulichelewa kufunguka, na kila mtu aliuona.

Tahiya alifunua uso. Alimchukua mama yake kwa vidole vyekundu vya hina, akaona mchirizi kwenye goti, akapitisha ukucha juu yake. Kisha akatazama ukumbi nyuma ya baba yake, rafu na rafu za magari, meza, kigoda kimoja.

"Nkimchukua huyu," aliuliza, "wewe utabaki na nani?"

Mahfoudh alikitazama kigoda kile kile. Angeweza kusema atabaki na Borafya, angeweza kusema atabaki na kazi.

Tahiya akajipenyeza katikati ya wanawake mpaka mlangoni. Pale, mbele ya macho ya mtaa mzima, na shela lake na dhahabu zake, biharusi alichutama. Alimsimamisha mama yake juu ya kizingiti, karibu na mwimo, akamgeuza kidogo atazame njia. Vigelegele vikakatika kimoja kimoja.

"Mama, nnakwenda," alisema. "Naomba radhi zako. Na baba nnakuachia, mtizame."

Sasa hapo mama hujibu. Wanawake wote waliokuwepo walilijua hilo, na wote wakaanza kulia kwa pamoja, maana hapakuwa na wa kujibu. Bi Salhiya alitaka kusema, kwa kuwa ndiye dada, akashindwa. Mahfoudh akasogea mbele, akaweka Benzi chini, akaweka mkono juu ya kichwa cha mwanawe.

"Radhi unazo, mwanangu," alisema. "Zake na zangu. Nenda."

Tahiya akambusu baba yake mkono, akainuka, akavuka kizingiti kwa uangalifu asimguse aliyesimama pale. Bi Salhiya akaiokota Benzi na abiria wake watatu na dereva, akaifutika ndani ya buibui, akapiga kigelegele kirefu kilichotoka nusu kilio. Wanawake wote wakamfuata. Kichochoro kikajaa, kisha kikapungua, kisha kikawa kitupu.

Mahfoudh alikaa kwenye kizingiti mpaka honi za gari la harusi zikaishilia njia ya Kiwengwa. Alilia bila kujificha. Borafya alitokeza na birika lake, akamwona, akarudi alikotoka.

"Kenda, Shemsa," Mahfoudh alimwambia mkewe baadaye. Akamchukua kwa uangalifu, akaegemeza mlango. "Haya, tuingie ndani."